Redio Iliyohesabiwa Ng'ombe Mmoja

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kuingia, mtaa wetu wa Kizota ulikuwa na mafundi redio wanne, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Silisemi kwa majivuno. Au basi, nalisema kwa majivuno, maana wale watatu waliniletea kimyakimya redio zilizowashinda. Kazi niliisomea chuo cha ufundi, nikaajiriwa na shirika la umma, na shirika lilipoanza kupunguza watu nikawa miongoni mwa wa kwanza kupewa barua. Wenzangu walilia. Mimi nilitoka na barua mfukoni na pasi yangu ya kuchomelea risasi kwenye mkoba, nikapanga chumba kimoja kinachotazama barabara, nikaweka meza.

Kazi ilikuwepo tele, kwa sababu kila aliyekwenda Dar es Salaam alirudi na redio kaseti ya plastiki yenye vitaa vyekundu vinavyochezacheza. Zile za zamani, redio za mbao za mawe sita (mawe ndivyo tulivyoziita betri), zikageuka aibu ya sebule. Makarani wa ofisini waliziteremsha kabatini wakaniletea kama mtu anayeleta paka aliyemchoka. "Mama fundi, chukua tu, inanijazia nyumba." Nilichukua. Nilichukua na luninga zilizopasuka kioo, na pasi za umeme zilizoungua, na gramafoni iliyokuwa ikifuga mende.

Hakuna kilichotupwa kwangu. Nilifumua nyaya za shaba kwenye transfoma, nikazinyoosha na kuzikunja upya. Risasi niliyoibandua kwenye saketi niliiyeyusha nikaitumia tena. Spika ya redio iliyokata roho iliingia kwenye redio ya mtu iliyopasuka spika, na kasha la mbao nilimpa jirani yeyote aliyelitaka. Chumba cha nyuma, nilikorundika mizoga hiyo, wateja walikiita mochwari, na mimi sikukasirika. Kila kifaa nilichokitoa nilikiandika kwenye daftari la shule: kimetoka redio namba ngapi na kimekwenda kwa nani. Nilipenda kujua vitu vyangu viko wapi.

Na ukutani nilibandika tangazo kwa herufi kubwa: kifaa kikikaa miezi mitatu bila mwenyewe kukifuata, fundi asilaumiwe. Nilijiona mjanja sana na tangazo lile. Kosa langu lote lilikuwa pale, limebandikwa ukutani, na nilikuwa nikilipita kila asubuhi.

Miezi mitatu ni hesabu ya watu wa mshahara. Karani akikosa pesa mwezi huu, mwezi ujao atakuja. Lakini mteja wangu mmoja alikuwa mzee wa Kibakwe, mkulima wa milimani kule Mpwapwa, aliyeniletea redio yake ya mbao wakati mawingu ya kwanza yanajikusanya. Aliifunga kwenye shuka, akaipakata safari nzima. Ilikuwa haisemi kabisa. Nikampa karatasi yenye namba, akanishukuru, akaenda kulima. Mimi nimezaliwa uwanda huu huu, nimekuzwa kwa ugali wa mtama. Nilijua fika kwamba mkulima haachi shamba wakati wa kifuku, mvua zinanyesha, magugu yanakua na barabara ya Kibakwe imegeuka tope. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeshakuwa mtu wa mjini, nina tangazo, basi miezi mitatu ilipotimia na wiki mbili juu, nikaifungua redio ya mzee na kuigawa.

Watu walipomaliza kuvuna, akaja binti yake.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na mtoto wa kike mgongoni. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomkaribisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alifungua fundo kwenye ncha ya khanga, akatoa karatasi yangu, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. "Nimefuata redio ya baba. Yeye miguu inamsumbua, na ndiyo kwanza tumemaliza kuvuna."

Niliuona mwandiko wangu, namba ishirini na saba. Mimi nikiona aibu huwa inanitoka kwa njia ya ukali. Nikamwonyesha ukutani.

"Umesoma pale?"

Akasoma polepole, midomo ikitikisika. "Nimesoma, mama."

"Basi ndiyo hivyo. Miezi mitatu imepita zamani. Redio ya mzee nimeshaivunja."

Nilitegemea atalia au atanitukana, na yote mawili nilikuwa nimejiandaa nayo. Hakufanya lolote. Aliketi palepale chini sakafuni, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo, "Basi wamenishinda."

"Nani amekushinda?"

Ndipo akanieleza, na ilinibidi nizime pasi ili nimsikilize vizuri. Miaka sita nyuma, alipoolewa, upande wa mume ulikuja na mahari ya ng'ombe na mbuzi, ikapungua ng'ombe mmoja. Baba mkwe akaongeza redio. Wazee wakakubali, redio ikahesabiwa ng'ombe dume mmoja, kwa sababu siku hizo kitongoji kizima kilikuwa na redio mbili tu. Binti akaenda kwa mume, redio ikaenda kwa baba yake. Na mume akawa mtu wa kupiga. Aliniambia hivyo bila kupindisha maneno, kisha akaukunja mkono wake wa kushoto nione. Haukukunjika mpaka mwisho. Ulivunjwa kwa mpini wa jembe ukaunga vibaya.

Alikuwa ameshakimbilia kwao. Kwa desturi yao, mahari ikirudi yote, mke yuko huru na mtoto ni wake. Ikipungua hata kitu kimoja, ndoa ingalipo, na mume ana haki ya kuja kuwachukua wote wawili. Baba yake alikuwa amesharudisha ng'ombe na mbuzi, mpaka zizi likabaki na mbolea tu. Ilibaki redio. Wazee wangekaa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nitakupa mpya," nikasema. "Kaseti mbili, na ina taa. Chagua yoyote hapo."

Akatikisa kichwa. "Kaka yangu alishawapelekea mpya. Mume wangu akaikataa mbele za watu. Amesema ng'ombe kwa ng'ombe, redio kwa redio, na ni ile ile, na iwe inasema kama ilivyokuwa inasema siku ilipotoka kwao. Anajua ilikuwa mbovu. Ndiyo maana ameing'ang'ania hiyo."

Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia yule mwanaume. Na nilijichukia mwenyewe pia, kwa sababu alitaka kisingizio na mimi nilikuwa nimemtengenezea. Nikavuta daftari.

"Inuka hapo chini," nikamwambia. "Utalala kwangu. Jumamosi utakuwa na redio yako."

Nilisema hivyo kabla sijafungua ukurasa. Ndivyo nilivyo.

Namba ishirini na saba. Bodi yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari mochwari, transista tatu zimetolewa, na zote zilikuwa bado kwenye kopo langu. Spika ilikuwa kwa mpiga chapa mmoja wa ofisi ya serikali, Area D. Kile kifaa cha kutafutia stesheni, kinachozunguka ukizungusha kishikizo, kilikuwa Mpwapwa kwa mkufunzi wa mifugo, na hicho ndicho kilichonitisha, maana bodi ile haikubali kingine. Kasha nilimpa jirani yangu anayepika supu mtaa wa pili.

Kwa jirani nilianza, kwa sababu palikuwa karibu. Alinisikiliza huku anakoroga sufuria.

"Lile boksi? Nililipasua mvua zile kuni zilipolowana. Lakini mbao zake nzuri, shoga. Ziliwaka hizo!"

Nilirudi nyumbani. Binti aliponitazama nikamwambia ukweli: kasha limeungua. Kisha nikaingia mochwari nikapekua mpaka nikapata jingine la aina ileile, kiwanda kilekile, rangi ileile ya asali, lililoletwa na karani mstaafu. Nikalipangusa kwa mafuta ya taa. Nikamuuliza, "Lile la baba yako lilikuwa na alama yoyote?" Akasema hajui. Ilipofika kwao yeye alikuwa ameshaondoka, aliporudi ilikuwa imeshaletwa kwangu, na kabla ya ndoa, huko kwa mume, ilikaa chumbani kwa mama mkwe, haikuguswa na mtu. Nikapumua.

Mpiga chapa wa Area D alinipa kazi. Nilimpelekea spika mpya kabisa, bado iko kwenye karatasi yake, akaniangalia kama mwizi.

"Mama fundi, mimi hii sauti nimeizoea. Nasikiliza kwaya ya Jumapili kama niko kanisani. Leo unataka kunitoa moyo?"

"Nataka kukupa mwingine mpya."

"Kwani huo wa zamani una nini?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, lakini nikaona nimwambie. Nikamweleza habari ya mkono uliovunjwa. Aliichukua redio yake mwenyewe rafuni, akaipindua kifudifudi mezani. "Ng'oa," akasema. "Ng'oa haraka kabla sijabadili mawazo." Nilipomaliza aliijaribu ile mpya, akasema ina sauti ya mtu mwenye mafua, na ni kweli ilikuwa nayo.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Mpwapwa, mimi na binti na mtoto, kasha nimelipakata mwenyewe. Mkufunzi wa mifugo alikuwa mtu wa utaratibu. Alitaka nimwandikie barua ya kuomba kifaa, nieleze sababu, nitie sahihi. Nikamwandikia palepale kwenye karatasi ya daftari la wanafunzi wake. Akaisoma mara mbili, akasahihisha koma kwa kalamu nyekundu, akaiweka kwenye faili. Halafu mtu huyohuyo, niliyekuwa namtukana moyoni, akanipisha meza yake ya maabara, akanishikia tochi muda wote nikifanya kazi, na alipogundua redio yake sasa itakuwa bubu, akasema atakwenda kusikiliza kwa jirani. Nikamwahidi kumtafutia nyingine nzima, na nilimpatia baadaye.

Pale mezani ndipo nilipoifufua. Nilichomelea transista, nikaunga waya uliokatika, ule ulioinyamazisha tangu mwanzo, nikarudisha kifaa cha stesheni, nikafunga uzi unaovuta mshale, nikaunga spika. Mara ya kwanza ikanuka moshi. Binti akashika mdomo. Nikatafuta, nikaona tone la risasi limegusisha waya mbili, nikalikwangua kwa kisu. Mara ya pili ikakohoa, ikanguruma, na sauti nene ya mtangazaji ikajaa maabara nzima. Mtoto akaitazama ile redio, akacheka. Binti hakucheka.

"Wakiuliza kuhusu kasha, usiseme," akaniambia tulipokuwa tukiondoka.

"Mimi nina mdomo, mwanangu. Siku zote hunitangulia."

"Nakuomba, mama. Usiseme."

Jumamosi wazee walikaa Kibakwe, uani kwa mmoja wao, wanaume kwenye viti na vigoda upande huu, wanawake kwenye mikeka upande ule. Baba yake binti alifika kwa fimbo, anaburuza miguu. Nilimwamkia, shikamoo baba, nikapiga goti mpaka chini, jambo ambalo mjini nilikuwa nimeliacha. Aliitikia, akaichukua redio, akaipapasa juu kwa kiganja. Akapapasa tena. Kisha akanitazama muda mrefu, akairudisha mikononi mwangu. Nikajua amejua, ila sikujua amejuaje.

Mume alikuwa kijana mzuri wa sura, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilikuwa nimetegemea jitu. Alipoiona redio akajichekea.

"Haisemi hiyo."

Nikaiwasha. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana, muziki unapigwa kabla ya taarifa ya habari. Wazee wakageuza vichwa. Tabasamu likamwisha yule kijana, na lazima nikiri kwamba nilifurahi mpaka vidole vya miguu.

Mzee aliyeongoza kikao akaniuliza mbele ya wote, "Fundi, hii ndiyo redio aliyokuletea mzee mwenzetu?"

Binti aliinamisha kichwa. Mtu anayejiamini kama mimi, nimesimama katikati ya ua wa watu, na sina hakika ulimi wangu utakwenda upande gani.

"Kila kinachosema ndani yake ni kilekile, babu," nikasema. "Bodi ni ile, spika ni ile, na kinachotafuta stesheni ni kilekile. Nimevitoa na kuvirudisha kwa mikono yangu."

"Na kasha?" mume akadakia. Mjinga hakuwa.

Nikafungua mdomo. Mzee mmoja wa upande wa mume akaniokoa bila kukusudia. "Ya nini kubishana na fundi? Redio ilikuwa ya mama yako. Alinunua mwenyewe kwa karanga zake, baba yako akaitoa. Yeye si yupo? Aitambue."

Mama mkwe alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, mwanamke mwembamba, hajasema kitu tangu asubuhi. Nikampelekea. Akaipakata, akaiweka mapajani, akaizungusha polepole. Vidole vyake vikapita juu ya kasha, kona hadi kona, vikasimama mahali fulani upande wa kulia, vikakaa hapo. Taarifa ya habari ikaanza. Alisikiliza yote, mpaka hali ya hewa, na hakuna mwanaume aliyethubutu kumharakisha. Niliwaza jinsi nitakavyomchukua binti na mtoto tukimbie, nikajiuliza tutafika wapi na mtoto mgongoni.

Ilipokwisha, yule mama akasema, "Ni yangu."

"Mama, itazame vizuri," mwanawe akasema.

"Nimeitazama. Ni yangu, imerudi."

Mzee aliyeongoza kikao akapiga fimbo chini mara moja. Mahari imerudi yote. Akasema yanayosemwa, na wazee wa pande zote mbili wakaitikia, na yule kijana akainuka akaondoka bila kuaga. Baba yake binti alifunika uso kwa mikono. Binti alimfungua mtoto mgongoni, akampakata mbele, akamkumbatia kwa ule mkono mzima na ule mbovu, akalia kama hajawahi kulia, na wanawake wakamzunguka.

Mimi nilikwenda kwa mama mkwe kumwonyesha namna ya kupanga mawe na namna ya kuyatoa kuyaanika juani yakichoka. Nilitaka pia nisikae mbele ya watu na macho yaliyojaa machozi. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Halafu akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio mpaka wanaume wakageuka kututazama, na chini ya kelele ile akaniinamia sikioni.

"Yangu ilikuwa imeungua hapa," akasema, na kidole chake kikarudi palepale upande wa kulia. "Nilikuwa nimeshika kibatari, baba yake huyu akanipiga nikaangukia redio. Kila nikitaka kusikiliza nyimbo lazima nilione lile doa."

Nikapitisha kidole changu palepale, mbao ilikuwa laini.

"Hii yako haina," akasema. "Ndiyo hii ninayoitaka."

Nilifunga kifuniko cha mawe, nikamsaidia kuinuka.